Sahani ya Mama na Moyo Wake: Maswali na Majibu Kuhusu Nyuzinyuzi

Mwanamke anayeambiwa kwamba presha imepanda, au kwamba lehemu kwenye damu imezidi, mara nyingi hutoka kliniki na orodha ndefu ya makatazo. Apunguze chumvi. Aache nyama nono, soda, maandazi na vitumbua. Makatazo hayo yana msingi wake, lakini ni nadra kumsikia mtu akiambiwa aongeze kitu kwenye sahani. Kipo kimoja ambacho watafiti wamekitetea kwa zaidi ya miaka hamsini: nyuzinyuzi, ile sehemu ya mmea ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuisaga na ambayo mashine ya kukoboa huiondoa kwanza.

Suala hili ni la wanawake kwa sababu nzito. Magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoongoza kwa kuua wanawake duniani, yakichukua karibu kifo kimoja kati ya kila vifo vitatu vyao. Hata hivyo, mitaani bado yanahesabiwa kuwa maradhi ya wanaume wenye vitambi na vyeo. Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale yanayojirudia kila mazungumzo ya lishe yanapofika kwenye moyo.

Nyuzinyuzi ni nini hasa, na zimo kwenye vyakula gani?

Ni sehemu za vyakula vya mimea ambazo vimeng'enya vya tumbo na utumbo mwembamba haviwezi kuzivunja, kwa hiyo hufika kwenye utumbo mpana zikiwa karibu kama zilivyoliwa. Nyama, samaki, mayai na maziwa havina nyuzinyuzi kabisa. Mafuta na sukari pia havina.

Kuna makundi mawili makubwa. La kwanza huyeyuka kwenye maji na kufanya ute. Aliyewahi kupika bamia au mlenda ameuona ute huo ukivutika kwenye mwiko. Nyuzinyuzi za kundi hili zimo pia kwenye maharage, kunde, oti, shayiri, machungwa na maparachichi. La pili haliyeyuki, nalo ndilo lililojaa kwenye pumba za mahindi na ngano, kwenye maganda ya matunda na kwenye mboga za majani. Vyakula vingi vina makundi yote mawili kwa pamoja, kwa hiyo mpishi hana haja ya kuyatenganisha. Kazi yake ni kuhakikisha hayaishii kwenye ndoo ya takataka au kwenye banda la kuku.

Nani aliyegundua kwamba zina uhusiano na moyo?

Sehemu kubwa ya habari hii ilianzia Afrika Mashariki, na inastahili kusimuliwa zaidi ya inavyosimuliwa. Daktari Mwingereza Hugh Trowell alifika Kenya mwaka 1929, kisha akafanya kazi kwa miaka mingi Kampala. Katika wodi za hospitali ya Mulago aliona utapiamlo, malaria na maambukizi ya kila namna, lakini mshtuko wa moyo unaotokana na kuziba kwa mishipa haukuonekana miongoni mwa wagonjwa Waafrika. Mwaka 1956 yeye na mwenzake walichapisha katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki ripoti ya mgonjwa mmoja tu Mwafrika mwenye tatizo hilo. Tukio moja lilitosha kuandikiwa makala, kwa jinsi lilivyokuwa geni.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi 1966, na jina lake limebaki kwenye aina ya saratani ya watoto aliyoieleza mwaka 1958. Aliporudi Uingereza alishangazwa na wingi wa maradhi ambayo Uganda alikuwa hayaoni. Yeye na wenzake wakafanya jambo ambalo wengine wangeliona aibu: wakapima uzito wa kinyesi. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1972, wanavijiji wa Uganda walitoa kinyesi chenye uzito wa zaidi ya mara nne ya kile cha mabaharia wa jeshi la majini la Uingereza na wake zao, na chakula kilipita tumboni mwao kwa muda mfupi zaidi. Mwaka huohuo Trowell aliandika kwamba upungufu wa nyuzinyuzi huenda ni mojawapo ya sababu za ugonjwa wa mishipa ya moyo.

Hoja yao ilikuwa na mapengo. Wagonjwa wengi wa Mulago hawakuishi hadi umri ambao mishipa huziba, walitembea na kulima kila siku, na chumvi na sigara hazikuwa nyingi kama leo. Nyuzinyuzi pekee hazingeweza kueleza tofauti yote. Lakini swali lilikuwa la kweli, na lilizaliwa kutokana na matoke, mtama, viazi vitamu na maharage ya watu wa Uganda.

Je, kuna ushahidi uliopatikana kwa wanawake wenyewe?

Upo, na ni mkubwa. Mwaka 1976 watafiti wa Boston, Marekani, waliandikisha wauguzi wanawake wapatao 121,700 na kuanza kuwafuatilia maisha yao. Baadaye wakawa wanawauliza kwa kina kuhusu vyakula wanavyokula. Mwaka 1999 Alicja Wolk na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake 68,782 kati yao, wenye umri wa miaka 37 hadi 64, waliofuatiliwa kwa miaka kumi tangu 1984. Katika muda huo wanawake 591 walipata mshtuko wa moyo au kufariki kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo.

Waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi, takribani gramu 23 kwa siku, walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 47 wakilinganishwa na waliokula gramu 11 na nusu. Tarakimu hiyo inapendeza, lakini msomaji asiishie hapo. Mwanamke anayependa nafaka nzima mara nyingi pia havuti sigara na hufanya mazoezi. Watafiti walipoyaweka hayo kwenye hesabu, tofauti ilishuka hadi asilimia 23. Hiyo ndiyo ya kushika, na bado ni kubwa kwa kitu kinachouzwa sokoni kwa debe.

Ndani ya matokeo hayo kulikuwa na jambo jingine ambalo halitangazwi vya kutosha: faida iliyoonekana wazi zaidi ilitokana na nyuzinyuzi za nafaka. Kila nyongeza ya gramu tano za nyuzinyuzi za nafaka kwa siku ilikwenda pamoja na upungufu wa hatari wa asilimia 37. Kwa jamii ambazo chakula chao kikuu ni ugali, wali na chapati, hilo linaelekeza moja kwa moja kwenye aina ya unga.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walikusanya tafiti 185 za ufuatiliaji na majaribio 58 kwa ombi la Shirika la Afya Duniani (WHO). Waliokula nyuzinyuzi nyingi, wanaume kwa wanawake, walikuwa na upungufu wa asilimia 15 hadi 30 katika vifo vya moyo na katika kupata kiharusi na kisukari.

Kwa hiyo jambo limethibitishwa kabisa?

Si kwa kiwango ambacho dawa huthibitishwa. Tafiti nyingi za lishe huwaangalia watu wanavyoishi, haziwagawi kwa kura. Jaribio kubwa la Marekani lililowahusisha wanawake 48,835 waliokwisha koma hedhi liliwafundisha baadhi yao kupunguza mafuta na kuongeza mboga, matunda na nafaka. Baada ya miaka minane hivi, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2006 hayakuonyesha tofauti ya maana katika ugonjwa wa moyo. Wanaotetea nyuzinyuzi hueleza kwamba jaribio lile lililenga mafuta, na nyuzinyuzi ziliongezeka kidogo tu. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haifuti matokeo.

Kinachofanya ushahidi wa nyuzinyuzi usimame ni kwamba nusu yake ya pili inatoka kwenye majaribio ya muda mfupi, ambako watu walipewa oti, maharage au nyuzinyuzi za kununua na damu yao ikapimwa kabla na baada. Huko lehemu (kolesteroli) mbaya, ile inayoitwa LDL, hushuka kweli. Gramu tatu kwa siku za ute wa oti au shayiri huishusha kwa takriban asilimia tano hadi saba. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliridhika kiasi cha kuruhusu mwaka 1997 madai hayo yaandikwe kwenye maboksi ya oti.

Zinafanyaje kazi, ikiwa mwili hauzisagi?

Faida inatokana na huko kutosagika kwenyewe. Ini hutengeneza nyongo kwa kutumia kolesteroli. Nyongo humwagwa kwenye utumbo ili kusaidia kusaga mafuta, kisha sehemu kubwa hufyonzwa tena na kurudishwa kwenye ini. Ute wa nyuzinyuzi hunasa sehemu ya nyongo na kutoka nayo chooni. Ini, likijikuta limepungukiwa, huvuta kolesteroli kutoka kwenye damu ili litengeneze nyongo mpya. Ndiyo sababu bakuli la maharage linaweza kugusa kipimo cha damu bila chochote kuingia kwenye mshipa.

Njia ya pili ni mwendo wa sukari. Chakula chenye ute hutoka tumboni polepole, sukari hupanda kwa kiasi, na insulini haimwagwi kwa wingi. Mwanamke aliyekula dona na kunde hushiba muda mrefu kuliko aliyekula wali mweupe na mchuzi, hivyo saa kumi jioni hatafuti andazi.

Njia ya tatu inahusu bakteria wa utumbo mpana. Wao wana vimeng'enya ambavyo binadamu hana. Huzichachua nyuzinyuzi na kutoa asidi fupi za mafuta, ambazo hulisha kuta za utumbo na kusaidia kutuliza uvimbe wa ndani kwa ndani unaochangia kuharibu mishipa. Hili ndilo eneo linalochunguzwa kwa kasi zaidi sasa.

Kwa nini suala hili linamgusa zaidi mwanamke aliyekoma hedhi?

Kabla ya umri huo homoni ya estrojeni humpa mwanamke kinga fulani. Utafiti wa INTERHEART, uliofanyika katika nchi 52 na kuchapishwa mwaka 2004, uliona kwamba mshtuko wa kwanza wa moyo humfika mwanamke akiwa na umri mkubwa kwa takriban miaka tisa kuliko mwanamume. Hedhi inapokoma kinga hiyo huondoka: LDL hupanda, mafuta huanza kukusanyika kiunoni, na mishipa hukakamaa. Aliyepima akiwa na miaka 42 na kukuta kila kitu sawa hapaswi kutembea na majibu hayo hadi afikishe 60.

Wapo pia ambao wanapaswa kuanza mapema. Mwanamke aliyepata presha kali ya ujauzito yenye protini kwenye mkojo, ile hali inayotangulia kifafa cha mimba, ana hatari ya ugonjwa wa moyo inayokaribia mara mbili ya mwenzake, hata kama presha ilishuka baada ya kujifungua. Aliyepata kisukari cha mimba naye yumo kundini. Ni jambo la kusikitisha kwamba wengi hawaambiwi hili. Mtoto akishatoka salama, faili la mama hufungwa.

Mwanamke ale kiasi gani kwa siku?

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 unataja angalau gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Marekani pia hutaja gramu 25 kwa mwanamke wa hadi miaka 50.

Hakuna anayepima nyuzinyuzi kwa mizani jikoni, kwa hiyo ni bora kuangalia siku nzima. Mama anayeanza asubuhi kwa uji wa ulezi uliotokana na gramu 50 za unga usiochekechwa amepata kama gramu tano. Mchana kikombe cha maharage yaliyoiva kina takribani gramu 11. Jioni ugali wa dona wa gramu 100 za unga una gramu saba. Pera moja lina kama gramu tatu. Hapo amevuka 25 kabla ya kuhesabu mchicha, matembele au kisamvu kilichokuwa pembeni.

Sasa aangaliwe mwenzake wa mjini ambaye kipato chake ni kizuri zaidi. Asubuhi chai na slesi mbili za mkate mweupe, gramu moja na nusu. Mchana wali mweupe kwa kuku, gramu moja na kidogo. Usiku ugali wa sembe kwa samaki wa kukaanga, pungufu ya gramu nne. Amelala ameshiba, ametumia fedha nyingi, na hajafikisha gramu 10.

Dona inasifiwa, lakini wengi wanaikwepa. Wana sababu?

Wanazo, na hazipaswi kupuuzwa. Dona ina ladha nzito na rangi isiyopendeza machoni mwa wageni. Kiini cha punje kina mafuta, kwa hiyo unga wake huchacha mapema kuliko sembe. Kwa familia nyingi sembe nyeupe ni heshima, na mama hataki mkwe aone amepikiwa ugali wa kijivu.

Ipo sababu nzito zaidi: sumukuvu. Hii ni sumu inayotolewa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri, na kwenye mahindi hukusanyika zaidi kwenye pumba na kiini kuliko kwenye sehemu nyeupe ya ndani. Mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliua watu. Mahindi yaliyooza yakisagwa dona, mlaji hupata pumba na sumu yake pamoja.

Kwa hiyo ushauri wa kula dona una sharti. Mahindi yawe yamekaushwa vizuri na kuhifadhiwa pakavu, punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zichambuliwe kabla ya kusaga, na unga usagwe kidogo kidogo. Anayenunua dukani achague unga uliothibitishwa ubora. Na si lazima nyumba nzima ihamie dona kwa siku moja. Kuchanganya nusu kwa nusu na sembe, au kutia mtama na ulezi, huwazoesha watoto bila ugomvi mezani. Unga wa mahindi yasiyokobolewa una zaidi ya gramu saba za nyuzinyuzi kwa kila gramu 100. Uliokobolewa una karibu nusu ya hizo.

Watu wa Pwani wafanye nini na wali wa nazi?

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Nazi yenyewe ina nyuzinyuzi nyingi, kama gramu tisa kwa kila gramu 100 za nyama yake mbichi. Lakini mpishi akishaikuna na kuikamua, mafuta huenda kwenye tui na nyuzinyuzi nyingi hubaki kwenye machicha, ambayo hutupiwa kuku. Tui lina mafuta mengi ya aina inayoweza kupandisha LDL. Mchele mweupe nao, ukishapikwa, una chini ya nusu gramu ya nyuzinyuzi kwa kila gramu 100.

Hakuna sababu ya kumnyima mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja chakula cha nyumbani kwao. Kinachowezekana ni kubadili kiasi. Tui jepesi badala ya tui zito kwa siku za kawaida, tui zito libaki la sikukuu. Mbaazi za nazi, kunde na maharage vina nafasi kubwa kwenye upishi wa Pwani, na vikipewa nusu ya sahani, wali ukachukua robo, mlo mzima unabadilika bila kupoteza ladha. Gramu 100 za mbaazi zilizoiva zina kama gramu sita na nusu za nyuzinyuzi. Katika Ramadhani hali hii huonekana wazi: futari ya kunde, choroko, viazi vitamu na tende ina nyuzinyuzi za kutosha, ilhali meza ya sambusa, kaimati na sharbati haina.

Juisi ya matunda haitoshi?

Haitoshi. Matunda yakikamuliwa na kuchujwa, sukari hubaki kwenye glasi na nyuzinyuzi hubaki kwenye chujio. Chungwa liliwe na nyama zake, embe litafunwe, na pakacha la mapera lisidharauliwe kwa kuwa ni tunda la bei rahisi: gramu 100 za pera zina zaidi ya gramu tano, mara tatu ya embe.

Je, kuna uchunguzi wowote uliofanyika nyumbani, miaka hii?

Upo wa Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2025 na watafiti wa Moshi pamoja na wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Vijana 77 wenye afya walishiriki. Waliozoea vyakula vya asili vya kijijini, yaani mboga, jamii ya kunde, ndizi na nafaka zisizokobolewa, walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye vyakula vya kizungu vilivyosindikwa. Wa mjini waliozoea vyakula hivyo vya kisasa walirudishwa kwenye chakula cha asili kwa muda huohuo. Kundi jingine lilipewa mbege, pombe ya asili ya ndizi, kwa wiki moja, na wengine wachache walibaki na chakula chao cha kila siku ili kulinganishwa nao.

Wiki mbili zilitosha. Walioacha chakula cha asili walionyesha dalili za uvimbe kwenye damu, na chembe zao za kinga zikawa dhaifu mbele ya vijidudu. Waliokirudia walipata mabadiliko ya upande mwingine, na baadhi yake yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Nyuzinyuzi hazikuwa tofauti pekee kati ya vyakula hivyo, lakini zilikuwa miongoni mwa tofauti kubwa.

Kasoro moja inauma: washiriki wote 77 walikuwa wanaume. Wanaopika kiburu, wanaosaga mtama, wanaobeba mimba na wanaokoma hedhi hawakupimwa. Utafiti wa namna hii kwa wanawake wa Rombo, Kisumu au Gitega unahitajika, na hauhitaji mashine za ajabu zaidi ya zile zilizotumika Moshi.

Na Wahadzabe?

Wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya karibu na Ziwa Eyasi hukisiwa kula gramu 100 au zaidi za nyuzinyuzi kwa siku, kutokana na mizizi, matunda pori na ubuyu. Wanaochimba mizizi hiyo ni wanawake. Watafiti waliowapima walikuta presha na lehemu nzuri hata kwa wazee. Lakini Wahadzabe pia hutembea kwa saa nyingi kila siku, kwa hiyo si haki kuipa mizizi sifa yote.

Nyuzinyuzi zinaleta gesi na tumbo kujaa. Mtu avumilie?

Gesi ni kazi ya bakteria waliotajwa juu, na huwa nyingi pale mtu anaporuka kutoka gramu 10 hadi 30 ndani ya wiki moja. Kiasi kiongezwe pole pole kwa wiki kadhaa. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, kisha yachemshwe kwa maji mapya hadi yaive kabisa. Maji ya kunywa yaongezwe pia, kwa sababu pumba bila maji huleta kufunga choo badala ya kukifungua. Hili ni muhimu hasa kwa wanaotumia isabgol, maganda ya mbegu yanayouzwa kwenye maduka ya dawa na ya viungo: yanywewe kwa glasi kubwa ya maji, la sivyo yanaweza kuvimba na kukwama kooni.

Mwanamke mwenye upungufu wa damu aogope nafaka nzima?

Swali hili linafaa kuulizwa mara nyingi zaidi, kwa maana upungufu wa damu umewakumba wanawake wengi wa umri wa kuzaa. Pumba na kunde vina faiteti, kemikali inayoshika madini ya chuma na kuyazuia kufyonzwa. Bibi zetu walikuwa na jibu hata kabla ya maabara: kuloweka, kuotesha na kuchachua. Uji wa mtama au ulezi uliochachuliwa kwa siku moja au mbili una faiteti pungufu. Limau kwenye mboga au chungwa pamoja na mlo husaidia madini ya chuma ya mimea kufyonzwa, kwa sababu ya vitamini C. Chai ya rangi ndiyo mharibifu mkubwa kuliko dona. Isubiri saa moja au zaidi baada ya kula. Mjamzito aendelee na vidonge vyake vya madini ya chuma kama alivyoelekezwa, bila kujali aina ya ugali anaokula.

Je, mtu akila hivi anaweza kuacha dawa za presha au lehemu?

Hapana. Dawa huachwa kwa ushauri wa aliyeziandika, baada ya vipimo. Asilimia tano hadi saba ya LDL ni nyongeza ya maana juu ya dawa, lakini haitoshi kuchukua nafasi yake kwa mtu ambaye mishipa yake imeshaathirika. Anayemeza dawa ya tezi aitumie mbali na uji wa pumba au isabgol, kwa sababu nyuzinyuzi nyingi hupunguza ufyonzwaji wake. Na mama anayepata maumivu ya kifua, pumzi kukata, jasho jembamba, kichefuchefu au maumivu ya taya na mgongo yanayokuja ghafla awahishwe hospitali saa hiyohiyo. Dalili za wanawake mara nyingine hudhaniwa kuwa vidonda vya tumbo au uchovu, na muda hupotea hapo.

Pia moyo una magonjwa mengi, na nyuzinyuzi zinahusu baadhi tu. Afrika Mashariki wanawake wengi vijana huugua moyo kutokana na homa ya baridi yabisi waliyoipata utotoni, iliyoharibu vali. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 12 za Afrika, pamoja na India na Yemen, ulichapishwa mwaka 2014 na kuonyesha kwamba nusu ya wagonjwa hao walikuwa na umri wa miaka 28 au chini ya hapo, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Wengine moyo wao hutanuka na kudhoofika kuelekea kujifungua au miezi michache baadaye. Maharage hayatibu vali wala misuli iliyochoka. Hao wanahitaji sindano za penisilini kwa ratiba, dawa, na wengine upasuaji.

Kwa mwanamke aliyewekewa vali ya chuma na anayemeza warfarini, hata ushauri wa mboga hubadilika. Mchicha, sukuma wiki na kisamvu vina vitamini K, ambayo hupingana na dawa hiyo. Hakatazwi kula mboga. Anatakiwa ale kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, na akitaka kuongeza kwa wingi, amwambie daktari kwanza ili kipimo cha kuganda kwa damu kirudiwe na dozi irekebishwe.